Kodi, skeli au mdundo: wimbo wako wa nyumbani uanzie wapi?

Mtu anayetunga nyumbani, mwenye simu, hedifoni na labda gitaa, akianza kujifunza nadharia ya muziki hukutana na milango mitatu. Wa kwanza ni kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Wa pili ni skeli, yaani ngazi ya nota ambazo melodi inatembea juu yake, au maqam kwa watu wa taarab. Wa tatu ni mdundo. Masomo mengi ya mtandaoni yanamsukuma kwenye ule wa kwanza, na ndiyo maana nyimbo nyingi za chumbani zinafanana: mtu anapakua lupu, kipande kinachojirudia, cha kodi nne, anaizungusha, kisha anatafuta maneno ya kuijaza.

Hapa nailinganisha milango hiyo kwa kutumia mshororo mmoja tu. Tutaupitisha katika kila mlango, tuone unatoka na nini, kurekodi kunadai vifaa gani, na nani anafaa kuingilia wapi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anayetunga kwa Kiswahili huvuna zaidi akianza na mdundo. Lakini si kila mtu, na sababu nitazitaja.

Mshororo wenyewe ni huu:

*Usiku ukiingia, taa zote nazizima.*

Mizani 16, nane ukwapi na nane utao, kama mashairi tuliyosomeshwa shuleni. Kina cha kati ni -a, cha mwisho -ma. Ni mshororo wa kawaida kabisa, na nimeuchagua kwa sababu hiyo.

Mlango wa kodi

Tuchukue ki ya G, yaani familia ya nota ambayo nyumbani kwake ni G, ambayo wapiga gitaa wanaipenda kwa kuwa nyuzi nyingi zinapigwa wazi. Ndani yake mna G, Am, Bm, C, D na Em, pamoja na ile ya F shapu (F iliyopandishwa nusu toni) ambayo wengi hawaigusi. Ya kwanza, ya nne na ya tano, yaani G, C na D, zimebeba sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania, benga ya Kenya na rumba ya Kongo. Sikiliza sebene yoyote: kodi ni mbili au tatu, zinazunguka dakika nzima, na bado watu hawakai chini. Utajiri wake uko kwenye mgawanyo wa kazi. Gitaa la ridhimu linashika kodi, mi-solo inajaza mapengo katikati, solo inapita juu, besi inajibu chini. Hilo ni somo la kwanza kwa mtu wa nyumbani, na halina gharama. Kabla hujaongeza kodi ya nne, rekodi gitaa lilelile mara tatu juu ya kodi tatu ulizonazo, kila mara katika eneo jingine la shingo yake, na kila mara likipiga pale ambapo mwenzake amenyamaza.

Somo la pili ndilo linalozaa mawazo hasa. Shika nota moja, ubadilishe kilicho chini yake. Imba silabi "ngi" ya "ukiingia" kwenye nota ya B, uivute. Piga G chini yake: B ni nota ya tatu ya kodi, sauti imetulia, mtu yuko kwake. Rudia kwa Em: B imekuwa ya tano, na chumba kimeingiwa na upweke ingawa mwimbaji hajabadilisha chochote. Piga C: sasa B ni ya saba, na inaleta ile hali ya kutamani kitu kilicho mbali kidogo. Piga Am: B ni nota ya nje ya kodi, inaning'inia, inadai kushuka kwenye A. Melodi ni ileile na maneno ni yaleyale, lakini umepata usiku wa aina nne. Anayezima taa kwa amani anahitaji G, na anayezima kwa sababu hakuna anayemsubiri anahitaji C au Am.

Ukitaka kwenda hatua moja mbele, azima kodi kutoka nje ya ki. Baada ya C ya kawaida piga Cm, kisha urudi G. Ndani yake kuna nota inayoshuka taratibu, kutoka E kwenda E flati (E iliyoshushwa nusu toni) hadi D, na sikio linaifuata hata kama mwenye sikio hajui jina lake. Itumie mara moja tu katika wimbo, mwishoni mwa ubeti wa mwisho. Ukiiweka kila mzunguko inazoeleka, na nguvu yake inakwisha.

Udhaifu wa mlango huu ni mmoja lakini mkubwa. Lupu ya kodi inakuja na urefu wake, na maneno yanalazimika kujipanga humo. Mtunzi anaanza kukata silabi, "ukiingia" inakuwa "ukingia", au anavuta vokali ambazo hakuna Mswahili angezivuta akiongea. Melodi nayo inazembea: kwa kuwa kodi zinasikika vizuri peke yake, mwimbaji anakaa kwenye nota mbili au tatu na kujiona amemaliza.

Jambo la ki nalo lisisahaulike. Wapiga gitaa wanachagua G kwa ajili ya vidole, huku sauti yao ikitaka B flati. Weka kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye kitasa cha tatu cha shingo ya gitaa, endelea kupiga maumbo yaleyale ya G, na wimbo umehamia B flati. Chagua ki kwa kuimba kiitikio, kwa sababu nota ya juu kuliko zote mara nyingi iko hapo. Ukichagua kwa kuimba ubeti, kiitikio kitakukaba.

Mlango wa skeli

Hapa unaanza na nota chache zilizochaguliwa, bila kodi yoyote, na unatafuta melodi peke yake. Waliokulia kwenye kwaya wana mtaji mkubwa mahali hapa. Ile solfa iliyoenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ikafika kwetu na misheni, ndicho chombo kinachotakiwa: do inahama, uhusiano wa nota unabaki. Mwanakwaya anaweza kuandika melodi nzima nyuma ya karatasi ya matangazo akiwa ndani ya daladala, bila ala yoyote.

Anza na nota tano: do, re, mi, so, la. Ukiziacha fa na ti, umeondoa nota mbili zinazogombana zaidi na wenzake, kwa hiyo karibu kila utakachoimba kitakubalika. Hilo ni jema kwa anayeanza, na linachosha kwa aliyekwisha kuzoea. Kinachoifanya skeli ya nota tano iwe hai ni sauti ya pili, na wakubwa wa kazi hiyo wako Dodoma. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyefanya kazi na waimbaji Wagogo, alieleza kanuni yao ya kuoanisha sauti: mmoja akiwa kwenye nota fulani, mwenzake anaruka nota moja ya skeli na kushika inayofuata. Mfumo wa Wagogo wenyewe una nota zake zinazotokana na mlio asilia wa uzi, hazilingani sawasawa na za kinanda, lakini kanuni inabebeka. Kwenye nota zetu tano inatoa do na mi, re na so, mi na la, so na do ya juu, la na re ya juu. Jozi ya kwanza ni ya karibu, nyingine zote zina mwachano mmoja mpana zaidi, na humo ndimo ilimo ile rangi ambayo kwaya ya sauti nne haiipati. Ukitaka kuona inavyofika mbali, sikiliza rekodi za marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufanya kazi Bagamoyo, akiimba na jamaa zake. Kisha rekodi sauti yako mara mbili kwa kanuni hiyo juu ya mshororo wetu. Kwa kazi ya nyumbani sijui njia nafuu kuliko hii ya kupata uimbaji wa kuitikia unaosimama wenyewe.

Upande wa pwani mlango huu unafunguka kwa namna nyingine. Chukua D kama nyumbani, na uweke nota hizi: D, F, G, A, B flati, C. Imebaki nota moja tu ya kuamua, ile ya pili. Ukiweka E flati uko kwenye maqam ya Kurd, na sauti inabonyea, ina mzigo. Ukiweka E ya kawaida uko karibu na Nahawand, ambayo sikio lililozoea nyimbo za Kizungu litaiita maina (minor). Ukiweka katikati ya hizo mbili, E iliyoshushwa robo toni, uko kwenye Bayati. Nota tatu zilizobanana mahali padogo namna hiyo, na kila moja inaleta wimbo mwingine. Jaribu "usiku ukiingia" ukishuka G, F, kisha nota hiyo ya pili, hadi D. Ukisikia kwamba ya katikati ndiyo inayosema ukweli wa mshororo wako, jua umeingia nyumba ya watu wa udi na fidla, na kuna kazi ya kujifunza. Aliye Unguja ana pa kwenda: Dhow Countries Music Academy imekuwepo Mji Mkongwe tangu 2002, na ala za taarab ni sehemu ya mafunzo yake.

Maqam ya Hijaz ni njia ya mkato kwa mwenye kinanda cha kawaida, maana haina robo toni: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Lile pengo pana kati ya E flati na F shapu linafanya kazi papo hapo. Tatizo ni kwamba ladha yake ni kali mno, kila mtu anaitambua. Itumie pale maneno yanapoihitaji. Ukiinyunyiza ili wimbo "uwe wa pwani" tu, wasikilizaji wa pwani ndio watakaokugundua kwanza.

Katika kurekodi, mlango wa skeli una masharti mawili ambayo watu wanayavunja bila kujua. La kwanza: ukitumia Bayati, usiweke chini yake kodi za piano, kwa kuwa E ya piano itagombana na E yako. Weka D na A tu, zikivuma pamoja mfululizo kutoka kwenye kinanda chochote cha simu, uimbe juu yake. La pili: zima kile kirekebisha sauti. Kwenye BandLab kinaitwa AutoPitch, na programu nyingine zina cha kwao. Mara nyingi kimepangwa kwa nota 12 za piano, hivyo kikikutana na robo toni kinaihesabu kuwa kosa, kinaivuta juu au chini hadi nota ya karibu, na Bayati yako inageuka Kurd au Nahawand mbele ya macho yako.

Anayekosea kuchagua mlango huu ni mtu asiyependa kusikia sauti yake ikiwa tupu. Wimbo ulioanza na skeli unakaa uchi muda mrefu kabla haujavishwa ala, na wapo wanaoukatia tamaa siku ya kwanza.

Mlango wa mdundo

Sasa tuache nota zote. Tamka mshororo wetu kwa sauti huku ukipiga meza.

Kiswahili kina tabia ambayo mtunzi akiijua imemrahisishia nusu ya kazi: mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. *U*-si-ku husemi, unasema u-*si*-ku. Kwa hiyo katika kipande cha mizani 8, karibu kila mara mkazo wa neno la mwisho unaangukia mizani ya 7, na kina chenyewe, cha 8, kinafuata kikiwa chepesi. "Uki-i-*ngi*-a." "Nazi-*zi*-ma." Washairi wetu walilijenga hilo kwa karne nyingi, katika tenzi na mashairi, na mashine za kutengenezea biti hazina habari nalo.

Chukua kipimo cha mapigo manne, kila pigo likiwa na nusu mbili. Zipo nusu nane kwa kila kipimo, na kipande chetu kina mizani nane. Zinatoshana kabisa: silabi moja kwa kila nusu, kipande kimoja kwa kipimo, mshororo kwa vipimo viwili. Kwa kasi ya mapigo 100 kwa dakika, mshororo mzima unachukua sekunde 4.8. Ukianza kwenye pigo la kwanza, mizani ya 7 inaangukia pigo la 4. Si vibaya, lakini neno linakwisha kabla kipimo kipya hakijafunguka, na wimbo unasikika kama mtu anayesoma. Ndipo nadharia kidogo inapofaa: chelewa. Acha pigo la kwanza kwa ngoma peke yake, "U" ianze kwenye pigo la pili. Sasa "ngi" inatua juu ya pigo la kwanza la kipimo kinachofuata, mahali pazito kuliko pote, pamoja na ngoma kubwa na besi. "Taa" inaanza kwenye pigo la pili, na "zi" ya "nazizima" nayo inatua kwenye pigo la kwanza. Hujabadili neno wala nota, umesogeza mwanzo kwa pigo moja tu.

Jaribu pia mgawanyo wa 3+3+2, ule uliomo kwenye zouk na kwenye Bongo Fleva nyingi zilizoichukua. Nusu nane zilezile, ila uzito unaangukia ya 1, ya 4 na ya 7:

U-si-ku | u-ki-i | ngi-a
ta-a-zo | te-na-zi | zi-ma

Tazama mizani ya 7 ilipo: mwanzo wa kundi la mwisho, chini ya uzito wa tatu wa zouk. Hii haitokei kwenye mshororo huu peke yake. Chukua kipande chochote cha mizani 8 unachokikumbuka, kipange tatu, tatu, mbili, na mkazo wa mwisho utaangukia palepale. Kipande cha utenzi na mdundo wa zouk vimekutana bila kupangwa, na ni mgodi ambao watunzi wa nyumbani hawajauchimba vya kutosha. Kwenye programu yenye hatua 16 kwa kipimo, kama FL Studio, weka pigo kwenye hatua ya 1, ya 7 na ya 13. Ukitaka lizunguke mara mbili zaidi, weka ya 1, 4, 7, 9, 12 na 15, na uimbe kwa mwendo uleule wa mwanzo juu yake.

Mdundo wa 6/8, ule wa chakacha na ngoma nyingi za bara na pwani, unataka kazi zaidi, na ndiko nadharia inakobadilisha hata maneno. Kipande cha mizani 8 kinakaa kwenye vipimo viwili vya 6/8, yaani nusu 12, kwa hiyo baadhi ya silabi lazima zirefushwe. Mpango mwepesi ni ndefu, fupi, ndefu, fupi: silabi ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7 zinapata nusu mbili, nyingine nusu moja. "Taa zote nazizima" inakaa vizuri mno humo, kwa kuwa mikazo yake, *ta*, *zo* na *zi*, yote iko kwenye silabi ndefu. Lakini "usiku" inavunjika: "u" inarefuka, "si" inabanwa, na msikilizaji anasikia "úsiku", neno ambalo hakuna anayelitamka hivyo. Unaweza kupindisha melodi ili kuificha dosari hiyo, lakini mimi nabadilisha neno:

*Giza linapoingia, taa zote nazizima.*

Gi-za li-na-po-i-ngi-a, mizani nane, mkazo kwenye ya 1 na ya 7, zote ndefu. Na mshororo umekuwa bora kuliko wa awali: giza ndilo linaloingia, na mtu anazima taa badala ya kuwasha. Swali limezaliwa, kwa nini azime? Hapo ubeti wa pili umeshapata kazi ya kufanya. Kodi haziwezi kukupa wazo la namna hiyo, kwa sababu haziujui mkazo wa neno lako.

Kasi nayo ni uamuzi wa kinadharia ingawa watu huiacha iamuliwe na biti waliyoikuta. Amapiano iko jirani na mapigo 112 kwa dakika, na mistari mirefu ya Kiswahili inapumua vizuri humo. Singeli inapita 200: kwa kasi hiyo mizani 16 zinakwenda kwa sekunde 2.4, karibu silabi saba kwa sekunde, na mwimbaji lazima achague maneno yenye konsonanti nyepesi. "Nazizima" inapita. Jaribu "mchwa", "mbwa" au "nchi" ukiwa kwenye mbio hizo, ulimi utakwambia.

Ubaya wa kuanza na mdundo ni kwamba unaweza kumaliza ukiwa na shairi linalochezeka lakini halina melodi, ukaishia kulisema tu. Kwa hiyo ukishaupata mgawanyo, hamia mlango wa skeli siku hiyohiyo, kabla sikio halijaridhika.

Kila mlango na vifaa vyake

Anayeanza na kodi akiwa na iPhone anayo GarageBand bure, na ala zake zinapiga kodi za ki uliyochagua kwa kugusa tu, hata kama hujui kupiga. Hiyo haipo kwenye Android. Huko BandLab, nayo ya bure, ndiyo ya kuanzia: ina metronomu, treki za kutosha kwa magitaa matatu na sauti. Hedifoni ziwe za waya. Za bluetooth zinachelewesha sauti, kwa hiyo utaimba nyuma ya gitaa lako na hutajua kwa nini wimbo unalegea.

Kwa skeli, kitu chochote kinachorekodi kinatosha. Kwenye kompyuta, Audacity ni ya bure na inaweza kupanga sauti moja juu ya nyingine kadiri unavyotaka. Fedha, kama zipo, ziende kwenye maiki. Wengi hukimbilia maiki ya kondensa kwa sababu studio zinazo, lakini kondensa inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, na inasikia kila kitu: feni, bodaboda, jirani, mvua kwenye bati. Kwenye nyumba ya vyumba viwili mtaani, maiki ya dainamiki iliyowekwa karibu na mdomo inakufaa zaidi. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966 na bado ni chaguo zuri, ila za bandia zimejaa, kwa hiyo ijaribu kabla ya kulipa. Kanga ukutani hazisaidii mwangwi. Blanketi zito au godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji linasaidia.

Kwa mdundo, FL Studio ndiyo iliyozoeleka kwa maprodyuza wa mitaani kwetu, na ni rahisi kupata mtu wa kukuelekeza. Jihadhari na mambo mawili. Toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi lakini halikuruhusu kuifungua tena mpaka ununue, basi toa faili la sauti kabla hujafunga. Na zile hatua 16 zinakuvuta kwenye mapigo manne bila kukuuliza. Kwa 6/8 badilisha ziwe 12 kabla hujaweka pigo la kwanza. Naamini chakacha ingekuwa nyingi zaidi kwenye biti za leo kama kisanduku hicho kingekuja na hatua 12. GarageBand ya simu inakuruhusu kuchagua 6/8 moja kwa moja kwenye mipangilio ya wimbo. Mwenye kompyuta anayetaka kurekodi sauti nyingi na ngoma za kweli aitazame programu ya Reaper: siku 60 za kujaribu bila kufungiwa chochote, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Nani aanzie wapi

Mpiga gitaa wa kanisani au wa bendi, ambaye mikono yake tayari inajua G, C na D, aanze na kodi, kwa zoezi la nota moja iliyoshikwa. Mwanakwaya, na yeyote aliyekulia kwenye taarab au kaswida, aanze na skeli. Sikio lake limebeba mali ambayo lupu itaifukia. Anayeandika maneno kwanza, iwe shairi, rapu au singeli, aanze na mdundo, na asiguse kinanda mpaka ameutamka ubeti mzima juu ya meza bila kujikwaa. Na yule asiyejua lolote kati ya hayo, mwenye simu tu na hamu, nampeleka mlango huohuo wa mdundo, kwa sababu lugha yake tayari imemfanyia nusu ya kazi.

Ukipeleka kazi kwa prodyuza, usimpelekee ile rekodi ya WhatsApp, kwa kuwa inabanwa na kupoteza ubora. Mtumie faili za WAV, za biti 24 (24-bit) ikiwezekana, sauti peke yake na kila ala peke yake, zote zikianzia sekunde ya sifuri hata kama ndani yake kuna kimya. Acha nafasi juu: kilele cha sauti kisipite desibeli 6 chini ya sifuri. Andika kwenye jina la faili kasi, ki na kipimo, kwa mfano "giza_96_Dkurd_6-8". Kama umetumia Bayati, mwambie kwa mdomo kabisa asirekebishe ile nota ya pili, maana akiifungua kwenye kompyuta itaonekana imetoka nje ya mstari na mkono wake utataka kuinyoosha.